Bunduki Chini ya Springi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine, maana humu wamo baba mkwe, mke wangu na sajenti wa polisi, na wote watatu walikuwa na akili zao timamu. Aliyekosa ni fundi makochi, yaani mimi, mtu ambaye maisha yameshamzaba makofi mashavu yote mawili na bado akaenda kutafuta mengine kwa hiari yake.

Tulikuwa tunamhamisha baba mkwe. Macho yake yalikuwa yamefifia, mama mkwe ameshatangulia mbele ya haki, na mke wangu alikuwa amekataa katakata baba yake aendelee kuishi peke yake shambani. Nikaazima pikapu ya rafiki yangu muuza mbao, tukaenda kumchukua yeye na vyombo vyake aje akae kwetu mjini.

Mzee alikuwa na bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, aliyoimiliki kwa kibali halali tangu mke wangu akiwa anatambaa. Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori wasimmalizie mahindi. Aliifungia ndani ya kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa bolti, na ufunguo wa kabati hilo aliutunza kuliko alivyotunza meno yake, maana meno yalikuwa yamebaki ya kuhesabika na ufunguo ulikuwepo.

"Bunduki inabaki," alisema asubuhi ile tulipokuwa tunatoa vitanda. "Nimeshaongea na kituo cha polisi. Jumatatu nakuja hapa na fundi wao wa silaha, wananipa na kibali cha kuisafirisha. Vile ilivyo haiwezi kusafiri, kwa sababu ina..."

"Ina nini, mzee? Ina kichefuchefu cha gari?" nikamkatisha.

Mke wangu alicheka. Mzee hakucheka. Alinigeuzia yale macho yake, yasiyoona vizuri lakini yanayojua kutazama.

"Mkwe wangu, silaha ina sheria zake. Inasafiri na mwenye kibali. Inasafiri ikiwa tupu, ndani ya mfuko wake, mfuko una kufuli, na risasi ziko mbali nayo. Kituo unakotoka kijue, na kituo unakokwenda kijue. Siyo sufuria hii."

"Sawa mzee, nimesikia."

Na kweli kusikia nilisikia.

Shida ni kwamba kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu zake. Nyumba itabaki tupu mpaka Jumatatu. Mlango wa nyuma unafungwa kwa waya. Lile kabati limeliwa na kutu kiasi kwamba mwizi mwenye nondo angelifungua huku anapiga miayo. Bunduki ikiibwa, ikaenda kumtoa mtu roho huko, nani ataitwa kujibu? Mzee. Hayo ndiyo niliyojiambia. Sikujiambia kwamba kurudi Jumatatu maana yake ni kumpigia tena magoti muuza mbao kwa ajili ya pikapu, ingawa hilo nalo lilikuwemo, limejikunja kwenye kona.

Vyombo vilipokwisha kutoka, mzee akanipa shada la funguo zake.

"Kafunge madirisha na vyumba, mimi naagana na jirani."

Ndani lilikuwa limebaki kochi moja la watu watatu, nimelipindua chini juu, nimeshaling'oa miguu ili lipite mlangoni. Hapo ndipo ufundi uliponiponza. Mtu mwingine angeona kochi ni kochi na bunduki ni bunduki. Mimi niliona nafasi. Chini ya springi za kochi la zamani kuna uwazi ambao mtu akinyooka vizuri anaweza kulala usingizi, na unazibwa na kitambaa cheusi tu kilichogongwa misumari midogo.

Ufunguo wa kabati ulikuwemo kwenye lile shada. Nikalifungua. Nikaitoa bunduki, nzito, baridi, inanuka mafuta. Nikabandua kitambaa, nikailaza ndani. Ikawa inacheza.

Sasa, fundi makochi hawezi kuacha kitu kinacheza ndani ya kochi. Ni ugonjwa wa kazi, kama mshonaji asivyoweza kuona uzi unaning'inia kwenye shati la mtu akauacha. Nikatoa uzi wangu wa katani. Kitako nikakifunga kwenye ubao wa katikati. Mitutu nikaifunga kwenye ubao wa pembeni, upande wa mkono wa kushoto wa kochi, ikakaa imeinuka kidogo. Bado ikawa inacheza. Nikapitisha uzi mwingine kwenye tundu nililoliona pale katikati, nikaupandisha juu, nikaufunga kwenye springi kwa fundo letu la kazi, lile linalojikaza lenyewe kila likivutwa. Ikatulia tuli. Nikagongelea kitambaa, nikalisimamisha kochi, nikajipongeza.

Sikuifungua kuona kama ina kitu. Wala sikujua inafunguliwaje.

"Mbona kochi limekuwa zito?" mke wangu aliuliza tulipokuwa tunalipakia.

"Lina huzuni ya kuhama."

"Huzuni yako wewe itakuwa kwenye kiuno kesho."

Tukaondoka. Mimi kwenye usukani, mke wangu katikati, mzee dirishani, leseni zake za maisha yote zimo kwenye mkoba wa ngozi alioupakata kama mtoto mchanga. Tulipovuka daraja, joto la injini likamshinda mke wangu.

"Simamisha. Mimi nahamia nyuma. Kule kuna upepo, na kuna kochi."

"Utapigwa na vumbi."

"Nimeolewa na fundi sponji, vumbi ndiyo mahari niliyobaki nayo. Simamisha."

Ningemwambia nini? Baba yake yuko pale pale, sikio linasikia hata panya akipiga chafya. Nikasimamisha. Akapanda, akajitupa katikati ya kochi, akajifunga mtandio usoni, akagonga paa la gari kwamba twende.

Gari lilipoingia kwenye shimo la kwanza, nikamwona kwenye kioo akiruka na kutua. Na ndipo lile tundu likanirudia akilini. Nikaliona sawasawa, duara la chuma, na ndani yake kile kichuma kilichopinda kama kucha ya jogoo. Nilikuwa nimepitisha uzi kwenye kifyatulio.

Nikaanza kuupiga picha kichwani ule uzi. Mtu akikaa, springi zinashuka, uzi unalegea. Akiinuka, springi zinapanda, uzi unavutwa. Na fundo langu, ninalowafundisha watu kulifunga, kila likivutwa linabana zaidi, halirudi nyuma. Yaani kila shimo la barabara lilikuwa linaukaza ule uzi kwenye kile kichuma, kidogo kidogo, kama mtu anayekunja kidole.

Tulia, nikajiambia. Mzee ni mtu wa utaratibu. Mtu anayepanga soksi kwa rangi hawezi kuweka bunduki ikiwa na risasi. Ni tupu ile. Ni bomba la maji. Nikapunguza mwendo, nikakwepa mashimo kama dereva anayebeba mayai, na ili mzee asinione ninavyotetemeka midomo, nikaanza kupiga mbinja kwa nguvu, dirisha wazi.

"Leo una furaha," mzee akasema.

"Safari, mzee."

Kwenye kioo mke wangu aliruka, akatua, akanipungia mkono.

Tulipokaribia mji tukakuta kizuizi. Mapipa mawili, boriti iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kibanda cha mabati chenye kivuli. Palikuwa na sajenti, mwanamume wa mwili wa kushiba, anayetembea ameshika kiuno, na koplo, dada mwembamba mwenye bunduki ndefu na uso usiotabasamu.

"Kuna duka limevamiwa kwa silaha," sajenti akasema akiegemea dirisha langu. "Kila gari tunapekua. Mmebeba nini?"

"Mimi fundi makochi tu, afande. Nimebeba baba mkwe na vyombo vyake."

"Shusha vyombo. Baba mkwe ashuke mwenyewe."

Nikashuka. Tukashusha meza, magodoro, masanduku. Koplo akawa anapapasa kila kitu, anaingiza mkono kwenye kila mto. Kochi tukaliweka kivulini, chini kabisa, maana miguu lilikuwa halina. Nikajisemea litapita. Nani anapekua kochi? Ndipo sajenti akaliangalia jinsi mwenye njaa anavyoangalia sinia.

"Mgongo wangu huu umekufa," akasema. "Tangu asubuhi nimesimama."

Akakaa. Springi zikalia *ngwii*.

"Ah!" Akajirusha kidogo. *Ngwii.* "Hili ndilo kochi. Siku hizi wanatuwekea sponji tupu, ukikaa unagota kwenye mbao." Akajirusha tena.

Kila *ngwii* ilinipita kwenye meno.

Mzee akamfuata kwa hatua zake za polepole, akafungua mkoba. "Afande, kwa kuwa mnatafuta silaha, na mimi nina silaha. Ni vizuri ujue kutoka kwangu."

Koplo akageuka. Sajenti akaacha kujirusha. "Iko wapi?"

"Nyumbani nilikotoka, kwenye kabati la chuma. Kibali hiki hapa. Jumatatu naifuata pamoja na fundi wa silaha wa kituo. Sikutaka kuileta leo, haifai kusafiri."

"Haifai kwa nini?"

"Ina risasi. Ilivimba kwa unyevu, ikakwama kwenye mtutu wa kushoto, kutoka haitoki. Na kile kidude cha kuizuia isifyatuke kimelegea. Bunduki ya namna hiyo ukiitikisa tu njiani unaua mtu. Nilitaka kumweleza mkwe wangu hapa asubuhi, ila ana haraka ya maneno."

"Laiti watu wote wangekuwa kama wewe, mzee," sajenti akasema, akimrudishia karatasi zake. "Umesikia, fundi? Jifunze kwa wakwe zako."

Sikusikia vizuri. Masikio yalikuwa yamejaa mlio mmoja mwembamba kama wa mbu. Damu ilikuwa imenikimbia mwilini, sijui imekwenda kujificha wapi. Risasi ilikuwepo. Risasi ilikuwepo kwenye kila shimo tangu darajani. Na mke wangu, ambaye alikuwa amesimama muda wote akijipepea, akaona baba yake na sajenti wanaongea vizuri, akaja taratibu akaketi kwenye mkono wa kochi.

Mkono wa kushoto.

Nikaiona mitutu mle gizani, imeinuka kidogo, inamtazama kiunoni. Kati yake na hiyo mitutu palikuwa na gunia, sponji na kitambaa cha maua.

"Mama watoto," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto anayebalehe. "Hebu njoo huku."

"Kuna nini huko?"

"Njoo tu."

"Huyu mwanamume!" akamwambia sajenti. "Ananionea wivu kwako, afande."

Sajenti akacheka, kicheko cha tumbo zima, na tumbo likamtikisa, na kochi likatikisika. *Ngwii, ngwii, ngwii.* "Mwache akae, fundi, simli mkeo!"

Koplo peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama jasho linavyonitiririka mpaka kidevuni.

Nilikuwa na maneno mawili kinywani. Nikinyamaza, sajenti atainuka, tutapakia, labda haitalia. Nikisema, najua ninakokwenda na sijui nitarudi lini. Sajenti akaweka viganja juu ya magoti, kama mtu anayejiandaa kusimama.

"Afande, usiinuke!"

Viganja vya sajenti vikagandia magotini.

"Unasemaje?"

"Nakuomba kwa heshima zote, usiinuke. Usijitikise. Usicheke. Umekalia bunduki."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi hatua kwa hatua namna ile. Nilipojaribu kupiga hatua nikasikia chuma nyuma ya shingo yangu kikisema *kacha*, na koplo akaniambia kwa upole wa kutisha, "Mikono juu, piga magoti."

Nikapiga magoti. "Mke wangu atoke kwanza," nikasema. "Mitutu iko upande wake. Mama watoto, usiruke. Teleza taratibu, nenda nyuma ya gari."

Aliteleza. Mzee alikuwa amesimama na mkoba wake wazi, anageuza uso huku na huku kama mtu aliyesikia ameitwa na hajui na nani.

"Bunduki gani?" akauliza. "Bunduki ya nani?"

Nikamweleza sajenti kwa maneno machache nilivyoweza: uzi, springi, kifyatulio, fundo. Kwamba akiwa amekaa, uzi umelegea. Kwamba akiinuka, sijui.

"Kwa hiyo nikae hapa mpaka lini?" akanong'ona. "Mpaka nistaafu?"

"Mpaka niukate. Niruhusiwe mkasi, uko kwenye sanduku langu la kazi."

Koplo alitazama bosi wake. Bosi alitikisa kichwa kukubali, akakumbuka asitikisike, akaacha katikati. Mkasi ukaletwa. Nikajongea kwa magoti mpaka mbele ya kochi, bunduki ya koplo ikinifuata kisogoni, nikapasua kitambaa cha mbele, kati ya viatu vya sajenti. Nikatoboa gunia. Nikaingiza mkono.

Mle ndani nimeshinda maisha yangu yote. Najua springi kwa kugusa kama mtu anavyojua vidole vya mwanawe. Lakini siku hiyo palikuwa pageni. Nikapapasa mbao. Nikagusa mafuta, kisha chuma baridi. Vidole vikakwea polepole mpaka kwenye lile duara, na pale nikaukuta uzi.

Haukuwa umelegea. Sajenti na kilo zake zote alikuwa juu ya zile springi, na bado uzi ulikuwa umenyooka. Fundo lilikuwa limekula kila kipande kilicholegea njiani, na kile kichuma kilikuwa kimeshavutwa, kimeegama nyuma, kimebakiza upana wa ukucha.

"Usipumue, afande," nikasema.

"Nimeacha zamani."

Nikaingiza mkasi kwa mkono wa pili. Ncha ikagonga chuma, *tik*, na nikasikia mkojo wangu ukifikiria kutoka. Nikafumba macho, maana hayakuwa na kazi. Nikatafuta uzi kwa ncha. Nikaupata. Nikaubana.

Katani ngumu ile. Haikukatika mara moja. Ilitafunika, ikatafunika, kila jino la mkasi likivuta kidogo upande wake, kisha ikaachia.

Hakuna kilicholia.

"Inuka, afande. Kwa upande wa kulia."

Aliinuka kama mtu anayeondoka kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. Alipofika mbali akajishika mapipani, akatapika.

Waliligeuza kochi, koplo akabandua kile kitambaa cheusi, na bunduki ya mzee ikaonekana mchana kweupe, imefungwa vizuri kuliko zawadi ya harusi. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kitako. Akakigusa. Akaitambua. Karatasi zake zilikuwa bado kwenye mkono wake mwingine.

"Nimekudanganya, afande," akasema taratibu. "Nimekuambia iko kabatini."

"Hukudanganya, mzee," nikasema. Pingu zilikuwa zimeshanibana. "Afande, huyu hahusiki. Funguo alinipa za kufunga nyumba. Nimefanya mimi, peke yangu."

"Kibali kina jina lake," koplo akasema. "Atakuja kueleza. Na kibali kinaweza kufutwa."

Mzee akakunja karatasi zake, akazirudisha kwenye mkoba, akakaa juu ya sanduku akiwa ametupa kisogo. Hicho kisogo kiliniuma kuliko pingu. Nikageuka kumtafuta mtu wa kunitetea, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama kando ya gari, mtandio umemwangukia mabegani, ananitazama.

"Mama watoto, sema neno basi," nikamwambia. "Waeleze. Nilikuwa nalinda mali ya baba yako isiibwe."

"Baba alikukataza."

"Alinikataza, nimekosa. Lakini si nimesema mwenyewe? Wameshika kochi, wamelikalia, wasingejua. Ningeweza kunyamaza!"

"Hilo ni kweli," sajenti akasema akijifuta mdomo. Sauti yake ilikuwa imelainika kidogo. "Hilo nitaliandika. Angeweza kunyamaza, na amejitoa mwenyewe."

"Unasikia?" nikamwambia mke wangu. Nilianza hata kupata nguvu za kunyoosha shingo. "Afande mwenyewe anakiri. Mtu anayejali roho za watu ndiye anayesema."

Mke wangu akauinua mtandio toka mabegani, akajifunga kichwani, akaukaza.

"Nimeikalia bunduki hiyo tangu darajani," akasema, "na wewe unapiga mbinja. Sauti umeipata alipokaa polisi."